Njooni maji mafu: barua ya wazi kwa wakubwa wa wilaya yetu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani na wote mnaokaa mezani kupanga ratiba za afya,

Shikamooni wakubwa.

Wilaya siitaji jina, mkisoma mtajijua wenyewe, na wa wilaya jirani nao wakijiona humu wasije wakasema nimewasema, maana pwani hii ya Tanga kuanzia Moa kule mpakani mpaka Kipumbwi na kuendelea mambo ni yale yale.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani. Naandika kwa sababu kila mwaka mnatuletea elimu ya afya na elimu yenyewe sibishi ni nzuri, kula mboga, punguza chumvi, punguza sukari, fanya mazoezi, nawa mikono, pima presha, lala kwenye chandarua, yote kweli kabisa. Ila mnaileta wakati watu hawapo. Gari linafika, vijana wanafunga spika, mtaalamu anashika maiki saa nne asubuhi na mbele yake wamekaa wazee wachache wa barazani, watoto ambao walitakiwa wawe shule, na mbuzi. Afu ripoti inaandikwa mwitikio wa jamii ni mdogo. Jamii iko baharini jamani! Jamii iko kwenye maji ya magoti huko inafunga kamba, mngeangalia nyuma ya spika mngeiona.

Ngoja nielezee maana najua wengi wenu mmetoka bara, si kosa, mtu wa bara akiona bahari anaona bahari tu. Kila mwezi tuna bamvua mara mbili, mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, hapo maji yanajaa sana na yanatoka sana, bamvua kubwa tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Katikati ya hizo bamvua ndo kuna maji mafu, siku ambazo hayajai kivile wala hayatoki kivile. Sasa kitu ambacho nadhani hakuna aliyewahi kuwaambia ni hiki, pwani yetu hii siku za bamvua maji yanakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi. Na si mwezi huu tu, ni bamvua zote mwaka mzima, kwa sababu kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 na ikizunguka wiki mbili yanarudi pale pale. Kwa hiyo saa nne asubuhi ya bamvua mwamba uko nje, mashamba ya mwani yako nje, mama yuko kwenye mwani, binti ana mchokoo wake anatafuta pweza, wengine wameshika kanga wanatanda uduvi. Na hiyo hiyo ndo saa ya kliniki ya mama na mtoto, saa ya gari la elimu, saa ambayo mtaalamu wa lishe anasema kina mama wa huku ni wagumu kuhudhuria.

Mama akiacha bamvua aende kliniki amesubiri wiki mbili nyingine. Kamba zinachafuka, tasi wanakula mwani, kamba zilizokatika hazina wa kuzifunga, na hela ya madaftari ilikuwa humo humo. Mkimpa achague kati ya kumpima mtoto uzito na kuokoa shamba atachagua shamba, na mimi ningekuwa yeye ningechagua shamba.

Kwa hiyo ombi langu kubwa, na kama mna haraka ishieni hapa hapa msiendelee kusoma: kliniki, chanjo, kugawa dawa, mikutano ya afya, vyote vipangwe maji mafu. Haihitaji bajeti wala mfadhili. Kalenda ya Kiislamu inaning'inia kila msikiti na nusu ya maduka, maji mafu ni tarehe 8 mpaka 10 hivi za mwandamo na tena 23 mpaka 25, na kama mnataka cha kiserikali zaidi kuna jedwali la maji la bandari. Badala ya kuandika kliniki ni kila Jumatano ya pili ya mwezi andikeni maji mafu ya kwanza na maji mafu ya pili. Bibi asiyejua hata herufi moja atakwambia maji mafu ni lini bila kufikiri, hiyo Jumatano ya pili hata mimi huwa naangalia kwenye simu.

Sasa mkiendelea kusoma kuna mengine.

Wazee wa hapa bado wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Si hii iliyorudishwa jina juzi juzi, nasema ile ya kwanza ya 1973. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi ni jirani yao mwenyewe, wanasikiliza kipindi, wanabishana, wakiinuka pale wanakwenda kufanya kitu siku hiyo hiyo au kesho yake, kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka vichaka karibu na nyumba. 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo ule ule. Sisemi turudi enzi hizo, redio siku hizi watu wanasikiliza mpira na taarabu, nasema tu kwamba waliopanga ile walijua kitu ambacho semina za siku hizi zimekisahau, kwamba mtu habadilishi anavyokula kwa sababu ameambiwa na mgeni mwenye fulana nyeupe. Anabadilisha akiona wa kikundi chake wamebadilisha. Na huku vikundi havijawahi kuisha, kuna vikoba, kuna vikundi vya mwani, kuna BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, kuna madrasa, kuna timu za mpira, kuna kina mama wa maulidi, kila mtu hapa yuko kwenye kikundi kimoja au vitatu. Pelekeni mashine ya presha kwenye kikoba siku ya kuweka hisa, mtapima watu wengi kwa saa moja kuliko zahanati inavyopima wiki nzima, na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024 ndo kazi yao hasa hiyo.

Tukiongelea presha. Juzi nimekaa benchi la zahanati nasubiri kikao cha kamati, akaja bibi mmoja anatoka ng'ambo ya mto wa mikoko, kavuka asubuhi maji yakiwa bado chini. Akautoa mkono kwenye buibui, nesi akafunga ule mkanda, akabonyeza, kioo kikawaka nane nane nane zote kikazima. Akabonyeza tena, kikazima. Nesi akazitoa betri akaziuma moja moja kwa meno kama tunavyofanya kwenye tochi, akazirudisha, mkanda ukaanza kujaa upepo ukafika nusu ukaishia hapo. Akazianika dirishani zipate jua. Bibi kakaa kama saa nzima anaangalia zile betri, afu maji yakaanza kujaa ikabidi awahi kuvuka kabla njia haijafunga. Nesi simlaumu, yeye mwenyewe aliwahi kununua betri kwa hela yake. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama robo ya watu wazima wa miaka 25 mpaka 64 nchini wana presha ya juu, robo nzima, na wengi hawajijui, sasa sisi tutajijuaje kwa betri za kuanika? Tunaomba mashine mbili kila zahanati na mfuko wa betri uwe kwenye bajeti kama ulivyo mfuko wa sabuni, au zije zile za kuchaji, umeme wa jua tunao.

Na chumvi. Hili ni refu kidogo mnivumilie.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Mtu wa huku hicho kijiko amekimaliza kabla ya adhuhuri bila kugusa kopo la chumvi. Kwanza kuna ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Samaki mzuri wote anaondoka na barafu, changu, kolekole, nguru, kamba, pweza, anapimwa asubuhi dikoni pale samaki wanaposhushwa na wachuuzi wanampeleka Tanga mjini, wengine Dar, wengine wanavuka naye kwenda Mombasa, nyumbani kinabaki kitoweo kidogo, na kusi ikikaza kuanzia mwezi wa tano, sita, saba watu hawatoki basi ni ng'onda mpaka upepo ulegee. Ng'onda na bada (ugali wa muhogo), ng'onda na muhogo wa nazi. Mimi mwenyewe naipenda sijifichi. Lakini kuna wanaojua kuipika na wasiojua, wanaojua wanailoweka usiku, asubuhi wanamwaga maji, wanaichemsha kidogo wanamwaga tena, afu hawatii chumvi nyingine ndani, wanaweka ndimu, pilipili, kitunguu na nazi, inakuwa tamu vile vile. Wasiojua wanaikata wanaitosa sufuriani na kijiko cha chumvi juu. Hii ni elimu ambayo hamhitaji kuileta na gari, bibi zetu wanayo, mnachotakiwa ni kuwapa hao bibi nafasi ya kusema siku ya kliniki badala ya mtu anayesoma kipeperushi.

Pili ni maji ya kunywa. Tuna visima viwili vinavyotegemewa, cha msikitini maji baridi mwaka mzima ila foleni yake utazeeka, na cha bondeni karibu na mikoko ambacho masika kinakuwa kitamu kabisa na ikifika kaskazi, Januari, Februari, unachemsha chai unaonja kabla ya sukari unakuta kama umetia chumvi. Watu wanakunywa hivyo hivyo, watafanyaje. Bangladesh, ambako pwani yao nayo ni tambarare na bahari inaingia kwenye maji ya visima, watafiti walikuta wajawazito wanaokunywa maji ya chumvi wanapata presha zaidi na kifafa cha mimba kinawakaribia zaidi. Sasa nyie mnamwambia mama mjamzito apunguze chumvi kwenye mchuzi wakati chumvi iko kwenye ndoo. Kuna kifaa kidogo kama kalamu unakichovya kwenye maji kinakupa namba ya chumvi, si kitu cha maabara kubwa, mtu wa maji akipita na hicho kifaa visima vyote masika na kaskazi tutajua kipi cha kunywa na kipi cha kufulia. Na bati la shule lile, bati refu namna ile, mvua ya masika yote inamwagika chini inachimba msingi wa darasa, wekeni mfereji na matangi mawili makubwa, kina mama wajawazito na watoto wachote hapo miezi ya kaskazi. Hilo nalo tumeshaliandika kwenye mpango wa kijiji, lipo kwenye faili lenu, labda faili liko chini.

Sukari nitaipita haraka. Hapa chai inachemshwa na sukari humo humo ndani ya sufuria, ikifika kwenye chupa imeshatamalaki, hata ukitaka kupunguza huna pa kupunguzia, na inaliwa na vitumbua au mandazi, na vijana wameongeza vile vinywaji vya nguvu vya kopo wanavyokunywa usiku wakienda kuvua. Nimeongea na mama mmoja mwenye mgahawa pale dikoni akakubali kuweka sukari pembeni, wiki ya kwanza walimtukana, sasa wamezoea na yeye mwenyewe anasema kilo ya sukari inakaa muda mrefu. Hilo sijaliombea chochote, nimewaambia tu mjue inawezekana.

Lipo bango moja la lishe limebandikwa ukutani zahanati. Lina tufaha, zabibu, karoti, kipande cha jibini na kitu cha kijani kama mti mdogo ambacho sijawahi kukiona sokoni Tanga mjini sembuse huku. Watoto wakisubiri sindano wanacheza mchezo wa kukisia ni nini. Jamani, mnajua huku kuna nini? Kuna mchunga, kuna kisamvu, matembele, majani ya kunde, mlenda, mchicha pori unaota wenyewe masika, kuna vibua na dagaa ambao mpaka leo ni bei ya maskini na wana mafuta mazuri kuliko huyo samaki wa barafu anayeondoka, kuna uduvi, kunde, nazi, maembe ya kuoza chini kwa wingi, ukwaju, mabungo, ubuyu, mapera. Mtoto hatakiwi kudumaa kijiji kama hiki. Na bado wanadumaa, takwimu za taifa za 2022 zilikuwa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5, na huku ukiangalia msitari wa darasa la kwanza unajua sisi hatumo kwenye hao 70 wote. Sababu siyo kwamba mama hajui, mama yuko baharini saa tano na mtoto kaachiwa dada wa miaka tisa na uji mweupe wa muhogo. Chapisheni bango jipya lenye picha za vyakula vya huku, na uji wa kuachiwa mtoto uwe na uduvi wa kusaga na nazi, mkitaka picha tutapiga wenyewe kwa simu tutume. Na chini ya bango muweke na vya kutokula, kasa na bunju, yule samaki mwenye sumu, kwa maandishi makubwa, maana Machi 2024 kisiwa cha Panza kule Pemba walikufa watu 9, wanane kati yao watoto, kwa nyama ya kasa, na huku bado yupo mtu atakwambia kasa ni dawa.

Ushuru wa samaki mnakusanya kila asubuhi dikoni, kile kimashine kinatoa risiti hata kwa kapu moja la dagaa, hilo hamkosei hata siku moja, bamvua na maji mafu (hiyo ratiba mnaiweza). Tunaomba sehemu ya hiyo hela irudi kama uji na dagaa wa watoto shuleni. Diwani analijua hili, aliliahidi.

Halafu vyoo. Kila baada ya muda anakuja afisa na fomu ya choo bora, asiye na choo bora faini. Mheshimiwa huku ni mchanga. Ukichimba kwenda chini kidogo tu maji yanatoka, na masika ukuta wa shimo unajimwaga ndani wenyewe, watu wamechimba vyoo vitatu vinne kwenye kiwanja kimoja mpaka hakuna pa kuchimba tena. Choo cha kusimama bila kubomoka huku kinataka kujengewa kwa tofali za saruji au mapipa au pete za zege, na hiyo ni hela ya mwani wa miezi. Ndo maana wengine bado wanakwenda ufukweni alfajiri na wanaamini bahari itachukua, inachukua kweli, inaupeleka huo uchafu kwenye mashamba ya mwani. Faini haitajenga choo kwenye mchanga. Toeni fundi mmoja wa kata ajifunze kumwaga pete za zege, toeni fomu za chuma za kumwagia, saruji na mchanga tutachangishana, kwenye misiba tunachangishana.

Na shimo lenye maji ndilo linalozalisha mbu wa usiku, wale wanaoleta matende na mabusha. Ugonjwa huu ni wetu sisi wa pwani, tunaujua kwa macho, na dawa zinazogawiwa tunashukuru. Lakini kuna jambo lilifanyika Makunduchi kule Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 sijui kwa nini halisemwi. Walimwaga punje za plastiki nyeupe, zile nyepesi kama za kwenye maboksi ya televisheni, juu ya maji ya vyoo, zikaelea zikafunika, mbu akakosa pa kutagia na viluwiluwi vikakosa hewa, pamoja na dawa kwa watu, na mbu wakapungua sana na ugonjwa ukashuka. Hazizami, zinakaa miaka. Hapo tu ng'ambo ya bahari. Mganga Mkuu naomba utufikirie hilo, hata kwa vitongoji viwili vya kuanzia.

Hizo dawa zenyewe za matende zinagawiwa nyumba kwa nyumba mchana, na wanaume wengi wanazikosa kwa sababu wako dago. Kwa asiyejua dago ni kambi ya uvuvi, wanaume wanahama wiki kadhaa wakati mwingine miezi, wanalala kwenye mahema ya turubai ufukwe wa mbali au kisiwani, chakula ugali na samaki na chai, mboga ya majani hamna, choo hamna, chandarua hamna, na usiku wako nje na taa wanang'atwa. Mkitaka kumpata mwanaume wa pwani na tabia zake zote, sigara, chumvi, kinywaji cha nguvu, kulala saa tatu kwa siku, nendeni dago. BMU wanajua kambi ziko wapi na nani nahodha wa wapi. Boti moja, siku moja, maji mafu vile vile maana bamvua wako kazini. Mkipeleka dawa na mashine ya presha na ndoo ya kunawia na mbegu za mchicha (unaota hata kwenye gunia) mtakuwa mmefika mahali ambapo sijaona gari wala boti ya afya ikifika.

Mazoezi sasa. Desemba 2016 ilipozinduliwa kampeni ya kitaifa ya mazoezi nilifurahi, na mjini wanakimbia na fulana za rangi moja ni jambo zuri. Lakini anakuja mtu hapa anamwambia mama wa mwani kwamba anatakiwa afanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Huyo mama amekokota gunia bichi kwenye tope, ameinama kwa muda wa saa nne jua la utosi, amerudi kachota maji kisimani, ametwanga, na jioni mgongo hauinuki. Huyo anahitaji vitu vingine kabisa, viatu vya mpira miguu isichanike na matumbawe, kofia, chupa ya maji ya kunywa akiwa huko maana wengi wanakaa tangu asubuhi bila tone, na mtu wa mazoezi ya viungo aje mara moja amuonyeshe namna ya kuinua gunia bila kuua kiuno. Wa kukimbizwa ni sisi wengine, wa maduka, wa bodaboda, walimu, sisi wa kikao na kijiwe tunaokaa kwenye bao mpaka usiku. Sisi tunataka kiwanja. Vijana wanacheza mpira ufukweni maji yakitoka, na sehemu moja sasa imewekwa uzio mpaka karibu na maji, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hilo mnalijua kuliko mimi. Ondoeni uzio, goli tutajenga wenyewe kwa miti.

Sijui kama kuna atakayesoma mpaka hapa. Kama yupo, maji mafu yajayo kamati yetu itakutana chini ya mkungu pale dikoni baada ya sala ya alasiri, wavuvi watakuwepo, kina mama wa mwani watakuwepo, nesi pia kaahidi. Gari si lazima, njooni hata wawili na bodaboda. Spika pia acheni, tutasikilizana. Chai ipo na sukari itakuwa pembeni, atakayetaka atajiwekea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjumbe wa kamati ya zahanati, kwa niaba ya walionituma na wachache ambao hawakunituma

Nakala:
Afisa Mtendaji wa Kata
Mwenyekiti wa BMU
Ubao wa matangazo wa zahanati, pembeni ya lile bango la tufaha